Bwana Samaki na Miezi ya Kwao

Kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hii hupendwa sana na watu waliokwisha fika, wameketi, wamevua viatu na wanakunywa maji. Aliye katikati ya pori haisemi. Huyo anatafuta wa kumlaumu. Maana yake si ngumu. Mtu aliyekosea, akakubali kwamba amekosea, kisha akageuka kutazama alikopita, huijua njia kuliko yule aliyeshikwa mkono tangu mlangoni. Ila methali haisemi ni nani anayeumia wakati mwenzake anapotea, na hilo ndilo lililonifanya niisimulie hadithi ya Severine Rwekaza.

Mwaka 1991, wakati mambo mengi nchini yalikuwa ruksa na malori ya barafu yalikuwa yameanza kupishana Mwanza yakifuata samaki, Severine alipelekwa kuwa afisa uvuvi katika mwalo wa Nyabusenga, ufuko wanakotua wavuvi, upande wa Sengerema. Watu wa ziwa humwita afisa wa namna hiyo Bwana Samaki, na jina hilo humganda mtu hata akistaafu. Alikuwa kijana wa Kamachumu, mkoa wa Kagera, mrefu, mwenye mwandiko mzuri na shati lililopigwa pasi hata siku ya kupanda mtumbwi. Nyumbani alimwacha mkewe, Immaculata, na binti yao wa miezi minne, Koku. Immaculata hakuweza kufuatana naye. Severine alikuwa mtoto wa kiume wa pekee, baba yake alikwisha fariki, na desturi ya kwao ilitaka mke wa mrithi abaki kwenye kibanja, shamba la ukoo, aitunze migomba na amtunze mama mkwe. Severine alikubali kwa sababu ofisi ya Mwanza ilimwahidi kwamba baada ya miaka miwili angerudishwa Bukoba.

Miaka miwili ni maneno mepesi kuyatamka. Kila alasiri, baada ya kupima samaki wa siku hiyo, Severine alipanda juu ya jabali moja kubwa lililokuwa nyuma ya ofisi ya kijiji, akatazama magharibi. Hakuona chochote isipokuwa maji. Alijua kwamba kati yake na Bukoba kulikuwa na visiwa na usiku mzima wa meli, lakini alitazama hivyo hivyo. Alitamani ndizi zilizopikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Alitamani harufu ya kahawa ikianikwa uani. Zaidi ya yote alitamani kumsikia Immaculata akimgombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Wavuvi walimcheka kwa upole. "Bwana Samaki anahesabu mawingu," walisema, na wanawake wa mwaloni wakaongeza kwamba ugali wa udaga wa muhogo haujamshika tumboni kwa sababu tumbo lenyewe limebaki Kagera.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuwarudisha sato. Ghuba ya Nyabusenga ilikuwa na sifa ya sato tangu zamani, lakini tangu wanunuzi waanze kuja na malori yao, nyavu ziliongezeka na samaki wakapungua. Mradi mmoja wa Mwanza ulimpa Severine mamlaka ya kuifunga ghuba kwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaliane. Miezi ipi? Hilo aliachiwa yeye.

Severine alikaa na vitabu vyake. Vitabu vilisema kwamba sato huzaa kwa wingi mvua zinapojaza ukingo wa ziwa. Akajiuliza mvua hujaza ukingo lini, na hapo ndipo akili yake iliposafiri bila kumuaga. Aliiona mvua ya Kamachumu, ile mvua kubwa ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, inayowafungia watu ndani na kulaza migomba. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa mvua. Nyingine zote zilikuwa manyunyu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ghuba itafungwa mwezi Machi, Aprili na Mei.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti, Mzee Malimi, aliisoma amri hiyo kwa sauti, wavuvi wakanung'unika, na kutoka nyuma walikoketi wanawake akasimama Kashindye. Huyu alikuwa mbanikaji wa samaki, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono yenye makovu ya miiba na mdomo usiojua kunong'ona. Mumewe, Machibya, alikuwa mvuvi wa sato.

"Bwana Samaki," alisema, "mimi ndiye ninayewapasua hao samaki. Mwezi wa tatu huwa hawana kitu mdomoni. Sato anabeba mayai mdomoni mvua za kwanza zikianguka, mwezi wa kumi na moja huko. Wewe umefunga mlango wakati wenyewe wameshatoka."

Watu wakacheka. Severine naye akatabasamu, tabasamu la msomi anayemhurumia asiyesoma. "Asante, mama," alisema. "Lakini haya ni mambo ya kitaalamu."

Kashindye akaketi. Maneno hayo Severine aliyatamka bila ubaya wowote. Baadaye angetoa chochote ili ayameze tena.

Ghuba ikafungwa. Mwezi wa Aprili mwaka ule wa kwanza, Machibya alikamatwa ndani ya ghuba na nyavu zake. Sheria ilikuwa wazi: nyavu zichomwe mbele ya watu. Severine alizimwagia mafuta ya taa mwenyewe, na Machibya akasimama akitazama moshi. Wiki iliyofuata alipanda mtumbwi wa watu wanaokwenda visiwani kuvua sangara. Alimwambia mkewe kwamba angerudi ghuba itakapofunguliwa.

Ghuba ilifunguliwa mwezi wa Juni, na Machibya hakurudi. Ikafunguliwa tena mwaka uliofuata, na bado hakurudi. Kashindye aliendelea kubanika samaki wake. Kila mtumbwi uliotoka visiwani ulipokaribia mwalo aliinua kichwa, akautazama mpaka abiria wa mwisho ashuke, halafu akaendelea na kazi. Severine aliyaona hayo kutoka juu ya jabali lake. Yeye akitazama magharibi na Kashindye akitazama kaskazini, walikuwa watu wawili wenye ugonjwa mmoja ambao hawajawahi kuamkiana vizuri.

Mwishoni mwa mwaka wa pili Severine alipata likizo, akaenda kwao. Alikuwa amebeba gauni la Koku, na likawa dogo kwa sababu alilinunua kwa kukumbuka. Mtoto alijificha nyuma ya mama yake siku tatu. Siku ya nne, wakiwa mezani, aliuliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Immaculata alicheka ili asilie. Severine hakuweza hata kujifanya anacheka. Alirudi Nyabusenga akiwa ameapa kwamba uhamisho ule ataupata hata kwa kuutambaia.

Na uhamisho ulikuwa umekaribia kweli. Barua ya mkuu wa mradi, Bwana Josephat, ilimkuta Sengerema. Ilisema kwamba mradi utafungua ofisi Bukoba mwezi wa Januari na kwamba unahitaji mtu aliyefaulu kufunga ghuba. "Wewe ndiye wa kwanza akilini mwangu," aliandika Bwana Josephat. "Lete ripoti ya mafanikio kabla ya Krismasi." Severine aliisoma barua hiyo mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Alifungua daftari la vipimo ili aandike ripoti, na furaha yake ikaanza kunywea. Sato waliopimwa mwaka wa pili walikuwa wachache kuliko wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa kwanza walikuwa wachache kuliko kabla ya ghuba kufungwa. Tena walikuwa wadogo. Alijaribu kujiambia kwamba ni makokoro, nyavu za kukokota, ya wezi. Alijaribu kujiambia kwamba ni sangara wanaowala sato. Siku mbili alizunguka na visingizio hivyo, na siku ya tatu, mwezi wa kumi na moja, asubuhi baada ya mvua ya kwanza, alishuka mwaloni akasimama mbele ya meza ya Kashindye.

"Mwangaluka, mama," alisema, kwa Kisukuma chake cha kuokoteza.

Kashindye aliitikia bila kuinua macho. Mbele yake alikuwa na sato jike. Alimshika taya, akamfungua mdomo, akamwinamisha juu ya ubao. Mayai ya rangi ya manjano yakadondoka, na pamoja nayo visamaki vidogo vyenye macho meusi, vingine bado vikichezacheza.

"Huyu amekufa na watoto mdomoni," alisema Kashindye. "Na huyu. Na yule pale. Umewafungia wavuvi miezi mitatu, wakakaa na njaa, wakakusanya nyavu. Sasa mvua imeanguka, sato wameingia kwenye mafunjo kuzaa, na ghuba iko wazi. Wanawazoa mama na mtoto. Zamani hawakuwa na haraka namna hii, Bwana Samaki. Haraka umewapa wewe."

"Unajuaje kwamba si mwaka huu tu?" aliuliza Severine, na mwenyewe alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ikiomba.

Kashindye alifuta mikono kwenye kanga, akamwongoza mpaka kwenye kibanda chake cha kubanikia. Ukuta wa ndani, ule usiofikiwa na moshi, ulikuwa umejaa mistari ya mkaa. Kila sato aliyemkuta na mayai mdomoni alikuwa amemchorea mstari, na kila mwezi mwandamo ulikuwa na safu yake. Hakujua kusoma, lakini aliona ni lazima mtu awe anahesabu. Ingawa sato wa nje ya ghuba waliendelea kuletwa mezani kwake, safu za miezi ambayo Severine aliifunga zilikuwa na mistari michache, nyingine mitatu, nyingine mitano. Safu za mvua za kwanza zilikuwa nyeusi kabisa. Ilikuwa hivyo mwaka uliotangulia, na safu ya mwaka ule nayo ilikuwa imeanza kujaa.

Severine aliifuata safu moja kwa kidole, mstari baada ya mstari. Daftari lake lilikuwa na kurasa mia mbili, na hakuna hata ukurasa mmoja uliouliza swali ambalo ukuta huu ulikuwa umelijibu.

"Kwa nini hukuniletea?" aliuliza hatimaye.

"Nilikuletea," alisema Kashindye. "Mbele ya kijiji kizima."

Jioni ile Severine hakupanda jabalini. Alikaa chumbani na karatasi mbili mbele yake. Katika ya kwanza aliandika kwamba ghuba ilifungwa kwa mafanikio, wavuvi wametii, na hali inaendelea vizuri. Hakuna neno moja lililokuwa uongo kamili. Hivyo ndivyo uongo wa ofisini unavyopikwa. Katika ya pili aliandika kwamba alichagua miezi kwa kuifuata mvua ya kwao badala ya mvua ya Nyabusenga, kwamba amri yake iliwapunguza sato badala ya kuwaongeza, na kwamba mwanamke mmoja mbanikaji alikuwa na hesabu sahihi kuliko mradi. Aliomba amri ibadilishwe na ghuba ipewe miaka mingine miwili ya kujaribu. Alijua vizuri nani angelazimika kuikaa miaka hiyo. Alimwona Koku akijificha nyuma ya mama yake.

Siku iliyofuata alivuka kwa pantoni ya Kigongo, karatasi zote mbili zikiwa ndani ya bahasha moja. Mpaka anapanda ngazi za ofisi ya mradi Mwanza alikuwa hajaamua. Bwana Josephat, mtu mnene mwenye moyo mzuri, alimpokea kwa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Naona umekuja na tiketi yako ya Bukoba."

Severine alipiga moyo konde, akatoa karatasi ya pili. Bwana Josephat aliisoma, akaivua miwani, akaivaa tena, akaisoma upya.

"Rwekaza, mimi sikuambii udanganye," alisema taratibu. "Nakuambia usichimbe. Wafadhili wakisoma kwamba miaka miwili tulifunga miezi isiyo yenyewe, watauliza nani alifunga. Nafasi ya Bukoba nitampa nani? Mtu aliyeshindwa?"

"Mpe mwingine, mzee."

"Na mkeo?"

Severine alikisogeza kando kikombe cha chai. "Mzee, kuna mwanamke pale mwaloni ambaye mumewe aliondoka kwa sababu ya mwandiko wangu. Nikiandika tena kwamba sikukosea, nitaondoka mimi na sheria itabaki. Nani ataibadilisha?"

Bwana Josephat akaichukua karatasi, akagonga muhuri. "Miaka miwili," alisema. "Wala usinilaumu."

Severine alimwandikia Immaculata barua ndefu kuliko zote. Hakujitetea. Alimweleza kuhusu ukuta wa mkaa na nafasi iliyokwenda kwa mwingine. Alimwandikia kwamba sheria si mti uliopandwa ukaachwa. Mtu huiweka, huiangalia, na isipozaa huibadilisha bila kuona haya. Mwisho aliandika: "Nisamehe. Nimewakosa tena." Wiki zikapita bila jibu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa upya, na safari hii Severine mwenyewe ndiye aliyesimama. Aliwaambia watu kwamba alipotea. Alisema hivyo hivyo, bila kulizungusha neno. Wazee waliguna, kwa maana hawajawahi kumsikia mtu wa serikali akisema jambo kama hilo, na Mzee Malimi akasahau hata kukohoa. Kisha Severine akamwita Kashindye aje mbele. Walikubaliana kufunga ile pembe ya mafunjo tu, si ghuba nzima, kuanzia mvua ya kwanza mpaka sato watakapoacha kubeba mayai. Wanawake wa mwaloni wawe wanahesabu. Na kila mwaka kijiji kikutane kutazama hesabu na kuibadilisha amri panapohitajika. Tarehe haikuandikwa. Ilikuwa amri ya kwanza ya Severine isiyo na mwezi ndani yake.

Immaculata alifika mwishoni mwa Januari, alasiri moja ya joto. Severine alikuwa mwaloni akipima samaki alipoona watu wamegeuka kutazama barabara. Mwanamke mwenye begi kichwani alikuwa anashuka, akimvuta mtoto kwa mkono, na viatu vyote viwili vimejaa vumbi la kutoka Busisi, kunakotia nanga pantoni. Severine aliacha mizani ikining'inia.

"Baba Koku," alisema Immaculata, akitua begi, "umeniandikia kwamba sheria isiyozaa hubadilishwa. Nikaisoma, nikaanza kujiuliza: na yetu je? Wewe huku, mimi kule, tumengoja uhamisho miaka yote hii, tumevuna nini?"

"Na kibanja? Na mama?"

"Dada yako Prudencia amerudi nyumbani na wanawe. Nilimwambia mama nina hofu ya desturi. Akanijibu kwamba migomba ina mizizi, haiendi popote, lakini mume hana mizizi." Akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Umekonda. Na bado nasikia unaacha viatu mlangoni."

Severine alilia mbele ya mwalo mzima, na hakuna aliyemcheka.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Mwaka wa kwanza wa amri mpya pembe iliyofungwa ilikuwa ndogo mno, na sato wengi walizaa nje yake. Wakaipanua. Mwaka wa pili mvua ilichelewa, hesabu za wanawake zikachelewa nayo, na pembe ikafungwa mwezi mmoja baadaye bila ugomvi. Mwaka wa tatu sato walioletwa mezani kwa Kashindye walikuwa wakubwa kiasi kwamba meza yake ya miguu mitatu ilihitaji mguu wa nne. Immaculata naye alizoea, ingawa kila alipochambua dagaa aliinua macho kutazama magharibi, na Severine akajua kwamba kwa mawazo yuko kwenye migomba.

Siku moja ya mwaka huo mtumbwi wa visiwani ulileta habari za Machibya. Alikuwa mzima. Alikuwa na mke mwingine huko na watoto wawili, na hakuwa na mpango wa kurudi. Kashindye aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, akamshukuru aliyeileta, akashika kisu chake. Severine alipopata habari alishuka mwaloni, akasimama mbele ya ile meza.

"Mama," alisema, "kama ningekusikiliza siku ile ya kwanza..."

"Ungenisikiliza, Machibya angekuwa hapa." Kashindye alisema hivyo akimtazama machoni, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Hilo sitakusamehe, na usiniombe. Lakini nimewaona mabwana samaki watatu kabla yako. Hawakukosea hata siku moja, maana hawakuuliza. Wewe sasa unauliza."

Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akavuta sato mwingine, akamfungua mdomo na kumwonyesha Severine. Ulikuwa umejaa mayai. Severine akatwaa kipande cha mkaa, akaingia kibandani, akachora mstari ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Mpaka leo Nyabusenga hawajui mwezi wa kufunga pembe ya mafunjo kabla mvua haijasema; wanachojua ni namna ya kuuliza, na wamejifunza hilo kwa machozi ya watu wawili, kwani kupotea njia ndiko kujua njia.